Mchungaji Bodelschwingh wa Bethel, na Njia ya Kwenda Lutindi



Tunaendelea na maisha ya watumishi wa Mungu waliotutangulia. Jumapili hii tumemchagua mtu ambaye jina lake linataka mtu anywe maji kwanza kabla ya kulitamka, lakini kazi yake imefika hadi kwenye vijiji walikozaliwa baadhi yetu: Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh wa Bethel, kule Ujerumani. Waliokulia Usambara wamelisikia neno Betheli tangu shule ya Jumapili. Vivyo hivyo waliotoka Bukoba na ndugu zetu wa Rwanda, maana wamisionari waliokwenda kwao mwanzoni mwa karne iliyopita walitumwa kutoka huko. Na mtu wa Korogwe ukimtajia Lutindi haulizi ni nini. Hospitali ile ya wagonjwa wa akili juu mlimani, pamoja na lile jina la Betheli, ni matawi ya shina moja.

Ipo pia sababu ya karibu zaidi. Hesabuni wenyewe ni wangapi kati yetu wanaopata riziki hapa Marekani kwa kuwahudumia watu wazima wenye maradhi ya akili, katika zile nyumba wanamokaa watu wanne au watano na mhudumu wa zamu. Dada anatoka zamu saa moja asubuhi ya Jumapili, anakuja kanisani na sare yake chini ya koti, anasinzia wakati wa mahubiri na wala hatumlaumu. Anajua kutoa dawa kwa saa yake, anajua kukaa kwa utulivu na mtu anayesikia sauti zisizosikika na wengine, anajua lini apige simu na lini asubiri. Lakini mgonjwa akiwa ni kaka yetu, au mama tuliyemleta kutoka nyumbani, mambo hugeuka. Mlango unafungwa. Wageni wanaambiwa amechoka na safari. Ndugu walioko Arusha au Goma wanaambiwa amepata kazi ya mbali. Maombi yanaombwa, na ni vema yaombwe, lakini kwa daktari haendi. Kwetu Watanzania Mirembe bado ni neno la kutaniana, na kwa Wakenya Mathari ni vivyo hivyo. Basi soma maisha ya mchungaji huyu ukiwa na mtu fulani moyoni.

Alizaliwa tarehe 6 Machi 1831 huko Tecklenburg, katika jimbo la Westfalia. Lile neno "von" katikati ya jina ni alama ya ukoo wa kikabaila. Baba yake, Ernst, alikuwa waziri wa mfalme wa Prussia, akashika wizara ya fedha na baadaye ile ya mambo ya ndani. Familia ilipohamia Berlin, mtoto Friedrich alichezeshwa pamoja na mwana wa ukoo wa kifalme ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa Kaisari Friedrich wa Tatu. Tunalitaja hili kwa sababu litatusaidia kumwelewa. Mtu aliyekimbizana na mwana wa mfalme bustanini akiwa mtoto hatetemeki mbele ya wakubwa akiwa mtu mzima. Alipohitaji fedha za wagonjwa wake aligonga milango ya juu kabisa bila haya, na milango ilifunguliwa.

Mwaka 1848 mapinduzi yalipoitikisa Berlin, baba alitoka madarakani. Kijana hakuwa na haraka ya kuingia uchungaji. Alisomea kilimo, akatumikia jeshi, kisha akawa msimamizi wa shamba kubwa huko Gramenz, Pomerania. Hapo aliwaona vibarua wa mashambani kwa karibu: ujira mdogo, nyumba mbovu, na pombe inayokula kilichobaki. Siku moja akasoma kijitabu cha misheni kilichosimulia habari za mtoto maskini wa Kichina. Kijitabu hicho kidogo kilimgeuza. Akaacha shamba, na mwaka 1854 akaenda Basel kusoma theolojia, nia yake ikiwa kwenda nchi za mbali kama mmisionari. Aliendelea na masomo Erlangen na Berlin.

Nchi za mbali hakuenda. Mwaka 1858 alitumwa Paris, na hapa tunaomba tukae kidogo, kwa sababu usharika wake wa kwanza ulikuwa usharika wa wahamiaji.

Paris ya siku zile ilikuwa imejaa Wajerumani maskini, wengi wao kutoka Hessen, waliokwenda kutafuta mkate. Walifagia barabara usiku wakati mji umelala. Walivunja mawe, wakaokota matambara ya kuuza. Walikaa wamebanana katika vyumba vya pembezoni mwa mji. Lugha hawakuijua vizuri, na watoto wao walikuwa wakikua bila shule ya maana, nusu Wajerumani nusu Wafaransa, wakiwatafsiria wazazi madukani. Mchungaji kijana alianza na watoto wachache katika chumba kidogo. Baadaye akapata kiwanja kwenye kilima upande wa La Villette, na hapo wakajenga kanisa na shule. Fedha alizitafuta Ujerumani, akizunguka na kuandika barua. Mwaka 1861 alimwoa Ida, binti wa ukoo wao huo huo wa Bodelschwingh, naye akaingia katika maisha yale ya watu wa barabarani.

Sisi tunaoimba tenzi katika jengo la kuazima, na watoto wetu wakijibu Kiswahili kwa Kiingereza, hatuhitaji maelezo marefu juu ya Paris ile. Ni jambo la kufurahisha kwamba mtu aliyekuja kuwa baba wa wagonjwa wengi alijifunzia uchungaji kwa wafagiaji wa usiku walio ugenini.

Mwaka 1864 familia ilirudi Ujerumani, na Friedrich akawa mchungaji wa Dellwig, kijiji kimoja karibu na Unna. Huko alihariri pia gazeti dogo la kanisa la kila wiki, kwa hiyo sisi wa jarida hili tunamhesabu kuwa mwenzetu. Vita vya 1866 vilimchukua kuwa mchungaji wa askari, na vile vya 1870 vikamchukua tena.

Katikati ya vita hivyo viwili ndipo ulipokuja mwezi wa Januari 1869. Ida na Friedrich walikuwa na watoto wanne: Ernst, Elisabeth, Friedrich na Karl. Kifaduro kikaingia nyumbani. Katika muda wa majuma mawili hivi watoto wote wanne walikufa, mmoja baada ya mwingine, na nyumba ya mchungaji ikabaki kimya. Baadaye baba aliandika kitabu kidogo juu ya maisha na kufa kwa watoto wake. Hakujifanya kwamba hakuumia. Alikiri kwamba siku zile alijua jinsi mkono wa Mungu unavyoweza kuwa mzito juu ya mwanadamu, na kwamba tangu hapo alijifunza kuwahurumia wengine. Ida alibeba uchungu huo kwa namna yake, na tunajua akina mama wengi wataelewa bila kuambiwa. Mungu aliwapa watoto wengine wanne, Wilhelm, Gustav, Frieda na Fritz, lakini kaburi la wale wa kwanza lilibaki Dellwig.

Miaka mitatu baada ya misiba ile aliitwa Bielefeld. Mwaka 1867 Wakristo wa eneo hilo walikuwa wamefungua nyumba ya kuwatunza watu wenye kifafa. Karibu yake palikuwa pameanzishwa, mwaka 1869, nyumba ya masista wa udiakonia, Sarepta. Kazi zote mbili zilikuwa changa, na mwaka 1872 Bodelschwingh akakabidhiwa aziongoze. Miaka michache baadaye mahali pale pakaitwa Betheli, nyumba ya Mungu, jina lile la Yakobo aliyelala jangwani kichwa juu ya jiwe.

Tueleze kidogo kuhusu kifafa, maana watu wetu bado wanachanganya. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, na siku hizi dawa zake zipo na wagonjwa walio wengi hutulia wakizitumia. Wakati ule madaktari walikuwa na chumvi za bromidi na karibu hawakuwa na kingine. Mtoto mwenye kifafa alifukuzwa shule. Kijana hakupata kazi, wala mchumba. Wengi waliishia kufungiwa na wagonjwa wa akili au kufichwa kwenye vyumba vya nyuma. Msituhesabu sisi kuwa tofauti na Wajerumani wale. Nani kati yetu hajasikia kwamba povu la mtu aliyeanguka linaambukiza, usimguse? Kuna watu kwetu wana makovu ya moto mwilini kwa sababu walianguka mekoni na waliokuwa karibu waliogopa kuwashika.

Bodelschwingh hakuahidi uponyaji asiokuwa nao. Swali lake lilikuwa mtu huyu, ambaye pengine hatapona, ataishije. Jibu lake lilikuwa nyumba. Kila kundi la wagonjwa lilikaa katika nyumba yake, likiwa na baba na mama wa nyumba, meza moja, sala ya asubuhi na ya jioni. Nyumba zilipewa majina ya Biblia: Ebenezeri, Hebroni, Moria, Gileadi, Emau. Mgonjwa alipotoka hapo kwenda shambani alikuwa mtu wa Hebroni au wa Emau, si namba ya kitanda. Masista wa Sarepta walihudumu, na kwa wanaume akaanzisha mwaka 1877 udugu wa mashemasi, Nazareti. Kadiri miaka ilivyokwenda, wagonjwa wa akili nao walipokelewa kwa idadi kubwa, wakajengewa nyumba zao.

Halafu kazi. Huyu alikuwa bwana shamba kabla hajawa mchungaji, na hakuweza kumwona mtu amekaa bure kutwa nzima akitazama ukuta. Palikuwa na mashamba na bustani, mkate uliokwa, useremala, uhunzi. Aliyeweza saa nzima alifanya saa nzima, na aliyeweza robo saa alifanya robo saa yake akapumzika. Wale ambao mikono yao ilikuwa dhaifu walipata kazi ya mezani. Mwaka 1888 ilianza kazi ya kukusanya stempu za barua zilizotumika: watu walizituma kwa posta kutoka kila pembe ya Ujerumani, na wagonjwa walizibandua, wakazipanga, zikauzwa. Kazi hiyo ilidumu kupita karne. Mwaka 1890 ukafuata mkusanyo wa nguo na vyombo vilivyotumika, ambao jina lake lilitoka katika Yohana 6:12, pale Yesu alipotaka vipande vya mikate visipotee. Kiatu kilichotobolewa na tajiri wa Berlin kilishonwa Bethel na fundi mwenye kifafa, kikavaliwa tena.

Fedha nyingine zilikuja kwa senti. Aliunda chama ambacho watu walichanga peni moja moja, na watu maskini wa Westfalia wakachanga. Alikuwa mwombaji hodari mno. Waliokuwa wakimfahamu walijua kwamba ukikutana naye hutaondoka na mfuko mzima, awe waziri, awe mfanyakazi wa kiwandani. Kanisa la Sayuni, lililowekwa wakfu mwaka 1884 juu ya kilima katikati ya miti, lilijengwa kwa ajili ya jamii hiyo, na wagonjwa ndio waliokuwa washarika wake.

Yapo mambo tusiyopenda kuyapamba. Mnamo miaka ya 1890 madaktari wa magonjwa ya akili wa Ujerumani walivutana vikali na wachungaji kama yeye. Madaktari walitaka nyumba za wagonjwa wa akili ziongozwe na daktari. Bodelschwingh na wenzake walishikilia kwamba mkuu wa nyumba ya Kikristo ni mchungaji, na daktari ni msaidizi muhimu. Kwa maoni yetu madaktari walikuwa na hoja nzito, kwa kuwa upendo bila ujuzi unaweza kumwumiza mgonjwa, na tumeona wenyewe nyumbani wagonjwa waliofungwa minyororo kwa jina la maombi. Lakini Bodelschwingh naye aliona kitu ambacho wengi wa madaktari wale hawakukiona, kwamba mgonjwa anahitaji ndugu na meza, na kwamba daktari akishaondoka jioni mtu lazima abaki naye. Na tukumbuke kwamba Bethel madaktari na dawa walikuwapo. Hakuwahi kufundisha kwamba imani inatosha mtu atupe vidonge.

Alikuwa pia mtu wa tabaka lake. Alimpenda mfalme, aliamini utii, na nidhamu ya Bethel ilikuwa ngumu kwa macho ya leo.

Miaka ya 1880 barabara za Ujerumani zilijaa wanaume wasio na kazi, waliotembea mji hadi mji wakiomba. Polisi waliwakamata kama wahuni. Yeye aliwaita ndugu wa barabarani, na mwaka 1882 akafungua Wilhelmsdorf, koloni la kazi katika nchi ya mchanga ya Senne, ambako mtu alipata chakula, kitanda na jembe badala ya sadaka mkononi. Pombe ilikatazwa. Haraka iligundulika kwamba wengi wa ndugu hao walikuwa wagonjwa: wa pombe, wa akili, wa huzuni isiyoondoka. Makoloni ya namna hiyo yakaenea. Mwaka 1885 alianzisha chama cha kuwasaidia wafanyakazi wa viwandani kujijengea nyumba, nalo jambo hilo lina historia yake ndefu ambayo hatutaiingia.

Ida alifariki mwaka 1894. Mzee aliendelea.

Mwaka 1903, akiwa na miaka 72, aliingia bunge la Prussia. Hakwenda kwa ajili ya siasa za vyama. Alikwenda na jambo moja, watu wa barabarani, akalisukuma mpaka sheria ya kuwapatia vituo vya kazi ikapitishwa mwaka 1907. Wabunge wenzake walipokuwa wakijadiliana kwa mwendo wa kobe, aliwasihi wasiende polepole hivyo, kwa sababu watu walikuwa wakifa huku wao wanasubiri. Katikati ya shughuli hizo alitembelea mahali ambapo watu wasio na makao wa Berlin walilazwa usiku, mamia kwa mamia katika kumbi kubwa. Mwaka 1905 akafungua Hoffnungstal, bonde la tumaini, kaskazini mwa mji, na akasisitiza kila mtu apate chumba chake, hata kiwe kidogo namna gani. Mwaka huo huo alianzisha Bethel shule ya theolojia, kwa kuwa alitaka wachungaji wa kesho wasome wakiwa wanaishi karibu na wagonjwa.

Alikufa tarehe 2 Aprili 1910, akazikwa Bethel, ambayo wakati huo ilikuwa imekuwa mji, wenye wagonjwa wanaohesabiwa kwa maelfu. Mwanawe mdogo, Fritz, alishika usukani.

Jina la baba lilikuja kupimwa katika siku za mwana. Serikali ya Hitler ilipotunga mwaka 1933 sheria ya kuwahasi watu waliosemekana kuwa na magonjwa ya kurithi, Bethel iliitekeleza, na wagonjwa wengi walifanyiwa operesheni hiyo. Hili ni doa, na kanisa la huko limelikiri. Kisha mwaka 1940 zikaletwa fomu za kujaza majina ya wagonjwa, na ikafahamika kwamba waliokuwa wakiandikwa walichukuliwa kwa mabasi kwenda kuuawa. Hapo Fritz alikataa kuzijaza. Mchungaji Paul Gerhard Braune, aliyeongoza Hoffnungstal, ile iliyoanzishwa na mzee, aliandika waraka wa kuyashtaki mauaji hayo mbele ya ofisi ya Hitler, na mwezi Agosti akakamatwa. Wagonjwa wa Bethel walio wengi waliokoka. Wale wa Kiyahudi hawakuokoka: walihamishwa Septemba 1940, wakauawa. Katika Ujerumani nzima mpango ule uliua zaidi ya watu 70,000 wenye ulemavu na maradhi ya akili kabla haujasimamishwa rasmi mwaka 1941, na mauaji ya siri yakaendelea baadaye. Tunaandika haya kwa sababu yanaonyesha kile kilichokuwa kinagombaniwa tangu 1872: kama mtu asiyeweza kuzalisha kitu ana haki ya kula.

Afrika tumeiacha mwisho makusudi.

Chama cha misheni kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani kilianzishwa Berlin mwaka 1886, katika homa ile ya makoloni, na kwa kweli mwanzo wake ulikuwa umeshikana mno na wakoloni. Bodelschwingh aliingia katika uongozi wake mwaka 1890, akakivuta kuelekea kazi aliyoijua, akipeleka mashemasi wa Nazareti na masista wa Sarepta. Mwaka 1891 wamisionari walifika Mlalo, Usambara. Baadaye zikafuata Vuga na Bumbuli, na wale wenye umri wanakumbuka vitabu vya kanisa vilivyopigwa chapa Vuga. Mwaka 1906 makao ya chama yakahamia Bethel kabisa. Mwaka 1907 wakafika Rwanda, na mwaka 1910, mwaka wa kufa kwake, Bukoba. Yule kijana aliyetaka kwenda nchi za mbali hakufika hata mara moja. Walifika wengine, na wakati mwingine walikuja chini ya bendera iliyowatesa babu zetu. Haya mawili yote ni kweli, nasi hatuoni haja ya kuficha moja ili tuseme lingine.

Lutindi yenyewe ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa kutoka utumwani, katika milima ya Usambara juu ya Korogwe. Mashemasi kutoka Bethel waliiendesha. Watoto wale walipokua na wengine wapya wakapungua, nyumba zikabaki na nafasi. Wakati huo mgonjwa wa akili katika koloni hakuwa na mahali. Akiwa mkali alifungwa jela pamoja na wahalifu. Akiwa mpole alizurura sokoni, akitupiwa mawe na watoto. Mashemasi waliotoka katika mji wa wagonjwa walijua la kufanya. Kufikia mwaka 1905 Lutindi ilikuwa inapokea wagonjwa wa akili, moja ya hospitali za kwanza za namna hiyo katika Afrika Mashariki nzima. Mathari ya Nairobi ilianza mwaka 1910. Mirembe ya Dodoma ilifunguliwa mwaka 1927.

Utaratibu wa Lutindi ulikuwa ule ule wa Bethel, ukiwa umevaa kaniki: kuishi pamoja, sala, shamba, kazi ya mikono, kila mtu kwa nguvu aliyonayo. Mtu aliyeletwa amefungwa kamba na ndugu zake, baada ya majuma kadhaa huonekana ameshika jembe kati ya wenzake. Hospitali ipo hadi leo chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT, na sasa ina dawa ambazo mzee wa Bethel hakuziota. Barabara ya kupanda huko bado inamtoa mtu jasho, hasa masika. Bado wanakuja, wengine wamesafirishwa siku nzima na baba au dada ambaye amekwisha kuuza mbuzi kwa waganga na sasa hana pa kwenda. Wakiisha kupata nafuu hurudishwa kwa watu wao, na hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu wengine familia hazitaki kuwapokea, na kitanda kinabaki na mtu aliyepona.

Kikundi chetu cha diakonia kinakutana kila Alhamisi jioni baada ya mazoezi ya kwaya, katika chumba cha chini. Wanaofanya kazi katika nyumba za wagonjwa wamekubali kuja kwa zamu, ili mwenye mgonjwa nyumbani apate mtu wa kumwuliza kuhusu dawa, daktari, bima na karatasi za kujaza. Mlango wa upande wa maegesho huwa wazi, na hapaandikwi jina la mtu.